Fahamu: Kwa nini dawa za sonona huachwa njiani?

Sonona si uvivu wala upungufu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika. Ila dawa zake, kama fluoksetini na amitriptilini, hazitulizi papo hapo kama panadoli. Nafuu huchukua wiki 4 hadi 6, ilhali kichefuchefu, mdomo kukauka au usingizi mzito huja siku za mwanzo. Mgonjwa huona kero kabla ya faida, akaacha.

Wengine huacha wakishajisikia vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha zipunguzwe taratibu.

Hapo ndipo anapohitajika muuguzi. “Unakunywa dawa?” ni swali linalojibiwa “ndiyo” kwa woga. Muuguzi mzoefu huuliza: “Wiki hii zimekupita siku ngapi bila kunywa dawa?” Hueleza maudhi ya dawa mapema, na humsaidia mgonjwa kuambatanisha kidonge na jambo la kila siku, kama kupiga mswaki. Huuliza pia waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua; hatari ikiwapo, dawa hutolewa kidogo kidogo na ndugu huzitunza.