Jinja: Bwawa Lilipomeza Maporomoko, Burudani Ilishuka na Mto

Zamani, mgeni aliyefika maporomoko ya Bujagali, karibu na mji wa Jinja nchini Uganda, hakukawia kufuatwa na kijana aliyebeba dumu tupu la njano. Wakishapatana bei, kijana alikaza kifuniko, akalikumbatia dumu kifuani na kujitosa kwenye povu la Mto Nile. Alipotea, akaibukia chini, kisha akaogelea hadi ukingoni kudai ujira wake. Kofia ngumu hana, jaketi okozi hana.

Mchezo huo ulikwisha pale bwawa la Bujagali lilipojengwa. Mitambo yake, yenye uwezo wa kufua megawati 250 za umeme, ilizinduliwa mwaka 2012, na maporomoko yakalala chini ya maji. Basoga, wenyeji wa eneo hilo, ambao kwao mahali pale ni makao ya roho aitwaye Budhagaali, walikuwa na mvutano mrefu kuhusu matambiko ya kumhamisha.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, nalo lilifunika maporomoko ya Ripon, yale yale ambayo Mwingereza John Hanning Speke aliyafikia Julai 1862 na kutangaza kuwa ndipo Nile inapotokea Ziwa Victoria. Baadaye kikaongezwa kituo cha Kiira pembeni ya Nalubaale, na mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, la megawati 183, chini zaidi ya mto.

Ungedhani mji uliopoteza maporomoko mawili mashuhuri ungekosa wageni. Wapi! Mwishoni mwa wiki, bustani ya Chanzo cha Nile hujaa familia, wanafunzi walioletwa kwa mabasi ya shule na maharusi wanaotafuta picha. Mashua za injini hupeleka watu hadi pale ziwa linapogeuka kuwa mto. Ukingoni kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Ukishuka mashua kuna samaki wa kukaanga na soda baridi.

Ziwa lililoundwa na bwawa la Bujagali nalo limepata wateja wake. Maji yametulia, hivyo anayeanza kujifunza kayaki hujifunzia hapo, na wengine husimama juu ya ubao na kupiga kasia taratibu huku korongo na vibisi wakiwapita. Asiyetaka utulivu huenda kwenye jukwaa lililo juu ya mto, akafungwa kamba miguuni na kujirusha kichwa chini kutoka kimo cha mita 44. Kupanda jukwaani ni rahisi. Kazi ni ule ukingo wa ubao.

Lakini kinachowavusha watu bahari kuja Jinja ni boti za mpira zinazoshuka mikondo mikali. Biashara hiyo ilianza mwaka 1996. Bujagali ilipozama, boti hazikuacha kazi. Zilihamia chini ya ukuta wa bwawa na kuanzia safari huko. Kabla ya kuondoka, mwongozaji huwafundisha abiria wake kwenye maji matulivu: kupiga kasia kwa pamoja, kujikunja ndani ya boti akitoa amri, na zaidi ya yote, namna ya kuanguka. Ukitupwa majini, lala chali, miguu ielekee mto unakokwenda, wala usijaribu kusimama, maana mguu ukinasa kati ya mawe, nguvu ya maji itakukandamiza. Kisha mwongozaji huipindua boti makusudi ili kila mmoja apate kuonja. Mkondo wa Itanda, ulio mkali kuliko yote, kwa kawaida hauingiwi na boti za abiria. Watu hushuka na kupita nchi kavu.

Burudani hii yote iko mikononi mwa wanaofungua na kufunga maji. Mto ukijaa, mikondo mingine hufunikwa na kupoteza makali. Ukipungua, mawe hutokeza. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, mabwawa yakalazimika kuachia maji mengi, na kisiwa cha majani kinachoelea kikaenda kuziba mitambo ya Nalubaale na kuizimia umeme nchi nzima. Kwa hiyo anayepiga kambi au kufua nguo chini ya bwawa lolote asikae sana kwenye mchanga ulio wazi. Maji yanaweza kupanda ghafla bila tone la mvua.

Je, ni mikondo mingapi zaidi itazama? Mwaka 2007, ili ipate msaada wa kujenga Bujagali, serikali ya Uganda iliiahidi Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, yanayotazamana na Itanda, hayatajengewa bwawa la umeme. Hata hivyo, maji ya Isimba yalifunika sehemu ya mikondo iliyokuwa chini ya Kalagala. Umeme unahitajika, hakuna anayebisha. Ila waongozaji, wapishi wa kambini na waendesha bodaboda wa vijijini nao hula kutokana na mto huu, na hesabu yao haionekani kwenye mita ya megawati.

Anayekwenda ajue jambo moja zaidi: maji haya yana konokono wanaoeneza kichocho. Ukirudi nyumbani, baada ya miezi miwili au mitatu nenda ukapime hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake ipo na inatibu.