Dago la usiku mmoja Tsunza

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba wenda kulala mikokoni kwa hiari yako, atakuuliza kama nyumbani kumeharibika. Kulala hemani, kwa wengi wetu, ni mambo ya watalii. Kumbe wavuvi wa pwani wana jina lake tangu zamani: dago. Kupiga dago ni kuhama mji na kufanya kambi ufuoni, mbali na watu, kufuata samaki. Wapemba wa Kojani ndio mashuhuri kwa hilo. Msimu wa kaskazi huja kupiga dago hata pwani yetu ya Kenya.

Mimi si mvuvi, lakini nimepiga langu la usiku mmoja Tsunza, rasi iliyozungukwa na mikoko ndani ya Port Reitz, ng'ambo ya Changamwe.

Tulitoka Mkupe alasiri kwa mtumbwi, maji yakijaa. Hilo ndilo sharti la kwanza. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na anayechelewa hukwama topeni, ajisukume kwa upondo mpaka achoke. Mzee mwenye mtumbwi alinitajia miti tukipita: mlilana uliotangulia majini, kisha mkoko wenye mizizi ya kupinda, kisha mchu na mkandaa karibu na nchi kavu. Akanieleza pia habari za upande wa Mwache, ambako mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi na mikoko mingi ikafa. Mti huo hupumua kwa mizizi. Ukifukiwa, hufa umesimama.

Vyombo vyetu vilikuwa haba: turubai, jamvi, chandarua, sufuria na galani ya maji ya kunywa. Tulitawadha kwa maji ya bahari, nayo ni tahiri. Sala hatukukusuru, maana safari yenyewe haifiki masafa. Kibla nacho hakikututaabisha. Makka na Mombasa ziko karibu mstari mmoja wa kusini na kaskazini, basi jua lilipokuchwa tuliliweka mkono wa kushoto, tukasimama.

Baada ya tafi wa kuchoma na muhogo, tulikaa kutazama. Upande mmoja giza la mikoko, upande wa pili taa za bandari. Na juu ya maji, daraja la Mteza, lenye urefu wa karibu kilomita 1 na nusu, katika barabara ya Dongo Kundu iliyofunguliwa yote mwaka 2024.

Nikamuuliza mzee kama daraja limemdhuru. Akafikiri kwanza. Zamani, alisema, mgonjwa wa usiku alingoja maji yajae ndipo avushwe. Leo gari lamfikisha hospitali. Kwa hilo ashukuru. Lakini abiria wake wamepungua. "Watu wapita juu, mwanangu," akaniambia. "Huku chini hawatujui tena."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Mahali pasipojulikana hapana mtetezi. Barabara huleta viwanda na bei ya ardhi, na mikoko haina ulimi wa kujisemea. Gazi, kusini mwa Likoni, wanakijiji walianza mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, ambao hulipwa kwa kuilinda mikoko isikatwe, na fedha zikaingia katika maji na shule. Basi mti uliosimama una thamani, akiwapo wa kuuhesabu.

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda, tazama mwezi kwanza ujue maji, kisha tafuta mwenye mtumbwi na umlipe haki yake. Chukua makaa yako, usikate hata kijiti. Takataka rudi nazo mjini. Na watoto wako wafuatane nawe, wajue mchu ni upi na mkandaa ni upi, kabla majina hayo hayajabaki katika kamusi.