Je, Wajua? Skrini ya Herufi 182

Wajua kwamba somo la kwanza la usanifu wa skrini halihitaji kompyuta? Kijana wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, anaweza kuanza na simu ya kitochi. Abonyeze *165#, menyu ya pesa ya MTN Uganda. Ujumbe wa menyu kama hii hubeba herufi 182 tu, nafasi zikihesabiwa, hivyo kila neno limepimwa. Akituma pesa aangalie vizuri: kabla hajathibitisha, jina la mpokeaji hutokea. Hapo ndipo tarakimu moja iliyokosewa hugundulika, fedha isiende kwa mtu wa Mbarara asiyemjua. Huo ni usanifu mzuri sana, na hauna rangi wala picha.

Zoezi linalofuata ni la karatasi na kalamu. Chora menyu, tuseme ya kupanga siku ya kliniki, umpe jirani achague kwa kidole, kisha nyamaza. Usimwelekeze! Pale kidole kinaposita ndipo pa kurekebisha. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa usanifu wa skrini, alishauri kujaribu na watu 5 kila awamu. Kwa Nakivale, wanakoishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, hakikisha kila lugha ina mtu wake kati ya wanaojaribu.