Hitilafu, kasoro na ubovu: maneno matatu ya kuchunguza pini ya PWM

Maneno hitilafu, kasoro na ubovu mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Katika mazungumzo ya kawaida mchanganyiko huo hauleti madhara makubwa. Katika mwongozo wa ufundi hali ni tofauti: anayesoma kwamba pini ni mbovu hutupa kifaa, ilhali anayesoma kwamba pini ina kasoro hutafuta kilichopungua. Tofauti hiyo inaonekana wazi katika pini za PWM za kompyuta ndogo za bodi moja zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, mathalani Raspberry Pi.

Maana ya PWM

PWM ni urekebishaji wa upana wa mpigo. Katika mabonde ya milima ya Usambara, wakulima wa mboga wa Lushoto hutumia maji ya mifereji, na zamu ndiyo hugawa maji hayo. Mwenye zamu hafungui mlango wa mfereji nusu. Huufungua wote kwa muda wake, kisha huufunga. Shamba lililofunguliwa saa tatu katika kila saa kumi hupata asilimia 30 ya maji yote, ingawa maji yenyewe yalipita kwa nguvu zote. Pini ya PWM hufanya vivyo hivyo kwa umeme: huwaka kikamilifu kwa volti 3.3, kisha huzima kabisa, mara nyingi katika sekunde moja.

Istilahi tatu zahitajika hapa. Mpigo ni muda ambao pini imewaka. Kipindi ni muda kutoka mwanzo wa mpigo mmoja hadi mwanzo wa mpigo unaofuata. Uwiano wa kuwaka ni sehemu ya kipindi inayochukuliwa na mpigo. Wapo wanaoandika “mzunguko wa kazi” kwa dhana hii ya tatu. Tafsiri hiyo haifai, kwa kuwa mzunguko humkumbusha msomaji njia ya umeme au mota inayozunguka, na kazi humpeleka kwenye ratiba ya wafanyakazi. Uwiano hutaja jambo lenyewe.

Chukulia kitalu nyumba cha miche huko Lushoto, ambamo pampu ndogo ya volti 12 husukuma maji ya umwagiliaji wa matone. Pini haina nguvu ya kuiendesha pampu. Kazi yake ni kuiamuru transista, nayo transista hufungua na kufunga njia ya betri. Asubuhi moja pampu haizunguki. Swali la kwanza lisiwe “kipi kimekufa?” bali “tatizo hili ni la aina gani?”

Kasoro: kuna kilichopungua

Msemaji wa Kiswahili husema “saa tatu kasoro robo”, akimaanisha kwamba robo haijatimia. Maana hiyo ya upungufu ndiyo ya kushikwa katika ufundi. Vitu vyote ni vizima, lakini kimoja hakijawekwa.

Katika Linux, pini za PWM huonekana kama mafaili chini ya /sys/class/pwm. Kwanza chaneli huombwa kwa kuandika namba yake katika faili la export; bila hatua hiyo folda ya chaneli haitokei. Kisha huandikwa kipindi katika faili la period, mpigo katika duty_cycle, na mwisho tarakimu 1 katika enable. Vipimo vyote viwili ni vya nanosekunde. Kwa mapigo 1,000 kwa sekunde, kipindi ni 1,000,000, na uwiano wa asilimia 30 hudai mpigo wa 300,000. Anayeandika 30 akidhani ni asilimia amepata mpigo mfupi mno, na pampu haitashtuka.

Mpangilio nao una uzito. Mpigo hauwezi kuzidi kipindi chake. Kwa hiyo anayeandika mpigo kabla ya kipindi hujibiwa na mfumo kwamba thamani haifai. Kasoro nyingine ni ya waya: upande hasi wa betri usipounganishwa na upande hasi wa kompyuta, amri ya pini haina njia ya kurudi, na transista haitii.

Hitilafu: viwili havipatani

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni tofauti au kutopatana. Yafaa litumiwe pale ambapo pande mbili, kila moja ikiwa nzima, zinasema mambo yasiyolingana.

Mfano bora ni “pini ya 12”. Katika Raspberry Pi, anayehesabu miguu ya kiunganishi kwa mahali ilipo hufika mguu wa 12, ambao kwa hesabu ya chipu ni GPIO 18. Anayefuata hesabu ya chipu hutafuta GPIO 12, ambayo iko kwenye mguu wa 32. Mpangilio wa dtoverlay=pwm usipoongezewa maelezo huwasha GPIO 18. Waya ukiwa kwenye GPIO 12, mafaili yote yatasomeka sawasawa na pampu itabaki kimya. Tiba ni kuhamisha waya, au kuandika dtoverlay=pwm,pin=12,func=4 na kuwasha kompyuta upya. Mfasiri naye ana wajibu: asiandike “pini ya 12” pekee, bali “mguu wa 12” au “GPIO 12”.

Hitilafu ya pili hutokea katika matoleo kama Raspberry Pi 3, ambamo tundu la sauti hutumia kifaa kilekile cha PWM. Programu ya muziki na pampu zikidai chombo kimoja, mapigo huvurugika.

Ubovu: kimeharibika

Ubovu ni neno la mwisho, wala halitamkwi bila ushahidi. Kipimo chake ni rahisi. Waya wa transista huondolewa kwenye pini, kisha mita ya umeme huwekwa kati ya pini na upande hasi. Kwa uwiano wa asilimia 30, mita ya kawaida huonyesha wastani wa mapigo, yaani takriban volti 1, kwa sababu 3.3 mara 0.3 ni 0.99. Uwiano ukipandishwa hadi asilimia 60, kipimo nacho hupanda hadi karibu volti 2. Kikipanda hivyo, pini ni nzima, na uchunguzi huhamia kwenye transista na pampu. Pampu iliyofungwa bila dayodi ya kinga huweza kuiunguza transista kila inapozimwa.

Kipimo kikibaki sifuri, ilhali kasoro na hitilafu zote zimekwisha kuondolewa, na GPIO nyingine kwenye bodi hiyohiyo inatoa mapigo kwa mpangilio wake, hapo ndipo fundi ana haki ya kuandika “pini mbovu”. Hata hapo, pini moja mbovu si bodi mbovu.

Matumizi yanayopendekezwa

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi sentensi tatu wazilinganishe: “Chaneli ina kasoro: kipindi hakijaandikwa.” “Kuna hitilafu kati ya mpangilio na waya.” “Pini ni mbovu: haitoi volti hata baada ya vipimo vyote.” Kila sentensi humtuma fundi mahali tofauti: ya kwanza kwenye mafaili, ya pili kwenye waya, ya tatu dukani. Kwa mwenye kitalu, safari hiyo ya tatu ndiyo ya gharama kubwa, na isitokane na neno lililochaguliwa ovyo.