Je, Wajua? Maajabu ya 1,421,932

Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Machakos katika sensa ya Agosti 2019. Ukimhesabu mtu mmoja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, utamaliza baada ya siku 16 na karibu saa 11. Ila utamu wenyewe umo ndani ya nambari.

Haigawiki kirahisi

Ni nambari sita tu zinazoigawa bila kubakiza: 1, 2, 4, 355,483, 710,966 na yenyewe. Wagawe watu hawa sawa kwa sawa katika maeneobunge 8 ya kaunti, wanabaki 4. Jaribu wadi zote 40, wanabaki 12. Kinacholeta ukaidi huu ni 355,483, ambayo ni nambari tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Huhitaji kompyuta kulithibitisha hilo. Ijaribu kwa nambari tasa zote hadi 593, basi, kwa kuwa 597 mara 597 tayari inaipita. Ni kazi ya jioni moja ya kalamu na karatasi, na inaridhisha kwelikweli!

Gwaride la Wamachakos

Huwezi kuwapanga watu hawa wote katika miraba miwili kamili, hata ujaribu milele. Sheria hiyo aliitaja Fermat katika karne ya 17, na Euler akaithibitisha karne iliyofuata: nambari tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4 haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili. Nambari tasa yetu, 355,483, inabakiza 3, na hata ukiizidisha kwa 4 haiponi. Lakini ongeza mraba wa tatu uone! Mmoja wa safu 1,190 zenye watu 1,190 kila moja, na miwili midogo ya 54 kwa 54. Wanaenea wote, habaki hata mtoto mchanga. Wakisimama mita moja moja, upande wa ule mraba mkubwa unakaribia kilomita 1.2, kwa hiyo Uwanja wa Kenyatta pale mjini hautoshi.

22 na 22

Jumlisha tarakimu: 1+4+2+1+9+3+2 ni 22. Sasa tazama: wanawake walikuwa 711,191 na wanaume 710,707. Tofauti ni 484, yaani 22 mara 22! Ni sadfa tupu, lakini sadfa tamu. Waliosalia, 34, ni huntha, ambao Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa hiyo.

Laiti mmoja angelala Makueni

Mtoe mtu mmoja tu, tuseme usiku wa sensa alilala kaunti jirani ya Makueni, na ule ukaidi wote unayeyuka. 1,421,931 ni 3 × 7 × 7 × 17 × 569, na nambari zinazoigawa bila baki zinaruka kutoka 6 hadi 24.