Mashine Inayomsubiri Mgonjwa Avute Pumzi

Agosti 1952 polio ililikumba jiji la Copenhagen, Denmark, kwa ukali usiowahi kuonekana hapo kabla. Hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa, wengi wao watoto, ambao misuli yao ya kupumulia ilikuwa imelegea. Wakati huo tegemeo lilikuwa pafu la chuma, pipa kubwa linalomfunika mgonjwa hadi shingoni, na hospitali nzima ilikuwa nalo moja tu. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri njia iliyozoeleka kwenye chumba cha upasuaji: mgonjwa atobolewe shingoni, apitishiwe mpira kwenye njia ya hewa, kisha asukumiwe hewa kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Tarehe 27 Agosti aliijaribu kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa taabani, naye akanusurika. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa kubana mifuko kwa zamu, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana.

Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na mashine ya kupumulia, yaani ventileta, lakini kuna jambo moja ambalo mkono uliliweza na mashine haikuliweza. Anayebana mfuko huhisi mgonjwa anapoanza kuvuta hewa mwenyewe, akaenda naye. Ventileta za kale zilisukuma hewa kwa ratiba: pumzi kadhaa kwa dakika, kiasi kilekile kila mara. Mgonjwa akitaka kuvuta kabla ya zamu, au kutoa hewa wakati mashine inasukuma, ulizuka mvutano. Mara nyingi uliamuliwa kwa kumlaza mgonjwa usingizi mzito, hata kumlegeza misuli kwa dawa.

Utulivu huo una gharama. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza kiwambo, yaani msuli mpana uliopo kati ya kifua na tumbo, kwa watu waliokufa ubongo na kupumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69 bila kiwambo chao kufanya kazi. Eneo la mkato wa nyuzi za msuli huo lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu. Msuli uliosinyaa hivyo huchelewa kurudia kazi yake, na mgonjwa hukaa kwenye mashine siku nyingi zaidi.

Ndiyo maana ventileta za leo zimeundwa kumsikiliza mgonjwa. Akianza kuvuta pumzi, presha ndani ya mipira hushuka kidogo na mkondo wa hewa hubadilika. Mashine huligundua badiliko hilo na kumsaidia papo hapo. Ni kama kumtwika mtu mzigo: unanyanyua pale naye anaponyanyuka, kwa nguvu zinazomtosha. Ukimtangulia unamvunja shingo, ukichelewa mzigo unamshinda.

Kupata wakati huo sawasawa ni kazi ngumu. Mashine ikiwekwa iwe nzito ya kuhisi, mgonjwa dhaifu atavuta bila kujibiwa. Ikiwekwa nyepesi kupita kiasi, maji yanayocheza ndani ya mpira, au hata mapigo ya moyo, yanaweza kudhaniwa kuwa pumzi. Wenye mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa sigara wana shida yao: hewa iliyokwama kifuani huwalazimu kuvuta kwa nguvu kubwa kabla mashine haijang'amua lolote.

Mwaka 1992 Magdy Younes, daktari wa Winnipeg nchini Kanada, alieleza njia ambayo msaada wa mashine hupanda na kushuka kulingana na juhudi ya mgonjwa: anayevuta sana husaidiwa sana, anayevuta kidogo husaidiwa kidogo. Mwaka 1999 Christer Sinderby na wenzake wakasogea karibu zaidi na chanzo cha pumzi. Mpira mwembamba wenye vinasa umeme hupitishwa puani hadi tumboni, nao hunasa umeme wa kiwambo pale ubongo unapokiamuru kuvuta. Mashine hufuata amri hiyo bila kungoja hewa itikisike.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Ubongo usipotuma amri, au misuli ikiwa imelegezwa kwa dawa, hakuna cha kufuatwa, na mashine hulazimika kurudi kwenye ratiba. Na mgonjwa anayehema kwa nguvu za kupindukia anaweza kuyaumiza mapafu yake mwenyewe. Huyo huenda akahitaji kutulizwa kwanza. Njia hizi mpya zimethibitika kupunguza mvutano kati ya mtu na mashine, lakini utafiti haujaonyesha wazi kwamba zinapunguza vifo. Ventileta ya kawaida, iliyopangwa vyema na muuguzi anayekitazama kifua cha mgonjwa pamoja na kioo cha mashine, bado inafanya kazi kubwa.

Hapa kwetu, wengi wakisikia ndugu yao amewekewa mashine ya kupumulia huanza kukata tamaa. Msikate tamaa kabla ya kuuliza. Mwulizeni daktari maswali matatu: Je, mgonjwa anavuta pumzi mwenyewe? Mashine inamsaidia kwa kiasi gani? Lini atapunguziwa dawa za usingizi ili ajaribiwe kupumua bila msaada? Nazo hospitali zinazonunua ventileta zitenge, ndani ya bajeti hiyohiyo, fedha za kuwafundisha wauguzi watakaozisimamia. Mashine isiyo na mtu wa kuipanga haiwezi kumsikiliza mgonjwa yeyote.