Fundi wa Vyombo vya Hospitali

Mgonjwa ashindwaye kupumua huwategemea watu wawili: mganga amtibuye, na fundi ambaye pengine hatamwona kamwe. Twataka kumweleza huyo wa pili, hasa kwa wanafunzi wa Buluo na Likasi nzima.

Tutazame mashine ya oksijeni. Huvuta hewa ya kawaida, ambayo katika sehemu 100 ina nitrojeni 78 na oksijeni 21 tu. Huisukuma kwa nguvu katika mitungi yenye punje za zeoliti. Punje hizo huishika nitrojeni, nayo oksijeni hupita kwenda kwa mgonjwa. Lakini kichujio kikizibwa na vumbi, kama lile la kiangazi cha Katanga, mashine hupata joto na nguvu zake hupungua. Mara nyingi kukiosha kichujio kwa maji na sabuni kwatosha. Pasipo mtu ajuaye hayo, mashine huwekwa pembeni na kuitwa mbovu, na mtoto mwenye homa ya mapafu hukosa pumzi.

Wala jambo hili si dogo. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walitoa hesabu ya vyombo zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16: katika nchi maskini, karibu vyombo 40 katika kila 100 havikufanya kazi. Sababu mojawapo ni uhaba wa mafundi.

Elimu itakiwayo huitwa uhandisi wa tiba. Mwanafunzi husoma hesabu, umeme na madini. Tena husoma moyo, mapafu na damu. Chuo Kikuu cha Makerere huko Uganda hufundisha elimu hiyo, na Muhimbili ya Dar es Salaam pia. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kina kitivo cha uganga na kitivo cha uhandisi. Nazo ndizo mbavu mbili za kazi hii.

Watu wa Likasi wasidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Kobalti, madini yaliyosafishwa miaka mingi kiwandani Shituru, huchanganywa na kromi na molibdeni kutengenezea nyonga za bandia, kwa kuwa mchanganyiko huo hauliwi upesi na kutu mwilini. Hata hivyo, mwaka 2010 aina moja ya nyonga ambazo chuma husuguana na chuma iliondolewa sokoni, maana chembe zilizomomonyoka zilidhuru nyama za mwili. Ndiyo sababu watafiti hawana budi kuendelea kupima.

Basi, vijana, msizikimbie hesabu na fizikia. Nanyi wazazi, binti akipenda kufungua redio ili aone yaliyomo, msimkaripie kabla ya kumwuliza anatafuta nini. Chombo kipewacho hospitali isiyo na fundi ni zawadi ya siku chache.